Gari Halichaji: Uhakiki wa Istilahi za Kuchunguza Hitilafu za Gari la Umeme

Istilahi yoyote hupimwa mara mbili. Mara ya kwanza hupimwa mezani pa wanalugha, ambapo huulizwa kama imefuata kanuni za sarufi, kama ni fupi, kama inanyambulika, na kama haigongani na istilahi nyingine iliyokwisha kusanifiwa. Mara ya pili hupimwa kazini, mikononi mwa mtu mwenye haja. Huyo haulizi kama neno limetoka katika lugha za Kibantu, Kiarabu au Kiingereza. Huuliza tu kama limemwonyesha la kufanya. Katika makala haya tunakusudia kuzitia istilahi chache katika jaribio hilo la pili. Tumechagua uwanja ambao bado ni mpya kwa Kiswahili, na ambao ndani yake neno lililokosewa laweza kumgharimu msomaji fedha nyingi au hata maisha yake. Uwanja wenyewe ni maelekezo ya kuchunguza gari la umeme lililokataa kupokea umeme.

Haja ya maelekezo hayo ni dhahiri. Magari ya umeme yamekwisha kufika Afrika Mashariki, na baadhi yake ni magari yaliyokwisha kutumika yatokayo Japani, nchi ambayo magari yake, kama yetu, hupita upande wa kushoto wa barabara. Nissan Leaf, lililoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2010, ni mojawapo. Gari la namna hiyo hufika likiwa na skrini iliyoandikwa Kijapani na kitabu cha Kijapani. Mwenye gari hutafutiwa maelezo ya Kiingereza, na kutoka hapo mtu fulani, aghalabu muuzaji au fundi, na siku hizi hata mashine ya kutafsiri, huyageuza kuwa Kiswahili. Kwa hiyo maana husafiri kupitia lugha tatu kabla ya kumfikia mtu aliyesimama gizani uani kwake na kebo mkononi. Hapana budi tuulize imefika ikiwa hali gani.

Ili tusimsute mwandishi yeyote, tumetunga wenyewe aya fupi kwa mtindo wa maelezo ya aina hiyo. Wasomaji wetu ambao ni wafasiri wataitambua sura yake mara moja:

"Utatuzi wa matatizo. Kama gari halichaji, angalia chaja. Kama chaja inaonyesha kosa la ardhi, hakikisha ardhi ipo. Kama betri imekufa gari halitachaji. Angalia waya wa rubani. Kwa kuchaji haraka tumia mkondo wa moja kwa moja."

Mwalimu wa sarufi angeisahihisha aya hii bila kutumia wino mwingi mwekundu. Upatanisho wake ni sawa, na karibu kila neno limo katika kamusi. Hata hivyo, mtu akiifuata hatalitengeneza gari lake, na yumkini atajiletea madhara. Tutayachambua maneno yake moja baada ya jingine.

Halichaji

Tuanze na kitenzi chenyewe. Kuchaji ni neno lililokwisha kuzoeleka, na hatuna nia ya kuliondoa. Tatizo ni kwamba mfasiri wetu amelitumia pahali ambapo Kiswahili cha kila siku kina usemi bora zaidi.

Mtumiaji wa simu ambaye hajapata kuona orodha yoyote ya istilahi husema "simu haiingizi chaji", na siku nyingine husema "simu haikai na chaji". Hasemi hivyo ovyo. Usemi wa kwanza maana yake umeme unakataa kuingia, na chanzo huenda kikawa waya, chaja au tundu la simu. Usemi wa pili maana yake umeme unaingia lakini hautulii, na hapo mshukiwa mkuu ni betri iliyochakaa. Umma umekwisha kutenga dhana mbili na kuzipa semi mbili. Mfasiri anayeandika "haichaji" kwa zote mbili ameirudisha lugha nyuma.

Katika gari jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa mafundi wa magari ya petroli na dizeli wana maana yao ya siku nyingi. Fundi akisema "gari halichaji" anakusudia kwamba altaneta haiipelekei betri umeme injini inaponguruma. Gari la umeme halina altaneta. Lina betri kubwa inayoliendesha, ambayo katika magari mengi ni ya volti zipatazo 400, na pia lina betri ndogo ya volti 12 inayowasha taa, kufungua milango na kuamsha mitambo ya uongozi. Betri hiyo ndogo hupewa umeme na ile kubwa kupitia kifaa cha kupunguza volti. Basi mwenye gari akimpigia fundi simu na kumwambia "gari langu halichaji", kauli hiyo yaweza kuwa na maana tatu: umeme wa ukutani hauingii katika betri kubwa, au umeme wa betri kubwa haufiki katika betri ndogo, au betri kubwa haikai na chaji. Kila maana ina tiba yake.

Iko na maana ya nne, ambayo si ya umeme hata kidogo. Watu wengi husema "fundi amenichaji elfu thelathini". Katika kituo cha kulipia, sentensi "kituo hiki hakichaji" yaweza kueleweka kuwa kituo kibovu, na yaweza kueleweka kuwa kituo cha bure.

Tunapendekeza kitenzi kuchaji kibaki kwa kitendo cha mtu au kifaa kutia umeme katika betri: dereva anachaji gari, kituo kinachaji gari. Gari linapokataa, iandikwe "gari halipokei umeme" au, katika maelezo ya watu wote, "gari haliingizi chaji". Betri inapochakaa iandikwe "betri haikai na chaji". Fedha ziachiwe kitenzi kutoza, ambacho kimefanya kazi hiyo vizuri miaka mingi.

Huenda wako watakaouliza kwa nini tusiliache neno la kukopa na kuunda jipya, mathalani kushehenesha. Jibu letu ni kwamba shehena ina makao yake bandarini, na "kituo cha shehena" kitamfikisha dereva kwenye makontena. Wengine watapenda kujaza, kwa mfano wa kujaza mafuta. Neno hilo ni zuri kwa mazungumzo, lakini halifai kuwa istilahi, kwa sababu wenye magari ya umeme wengi hushauriwa wasiijaze betri kila siku, bali waiwekee kikomo, kwa kawaida asilimia 80, ili idumu. Gari linaloacha kupokea umeme likifika kikomo hicho ni zima kabisa. Aliyeambiwa kwamba kazi ni kujaza ataliona ni gonjwa.

Chaja

Aya yetu inamwambia msomaji aangalie chaja. Chaja gani? Kwa mwenye simu chaja ni kile kidude kinachochomekwa ukutani, na kwa hakika ndicho kinachougeuza umeme wa nyumba kuwa umeme wa betri. Kwa mfano huo, mwenye gari huliita sanduku lililopigiliwa ukutani "chaja". Hapa jina na kitu havilingani.

Umeme wa nyumba zetu ni mkondo geu: hubadili mwelekeo mara nyingi kwa sekunde. Betri hupokea mkondo mnyoofu tu, uendao upande mmoja. Lazima pawepo kifaa cha kuugeuza mkondo wa kwanza kuwa wa pili, na kifaa hicho ndicho chaja kwa maana ya kweli. Gari linapochajiwa nyumbani, chaja imo ndani ya gari. Sanduku la ukutani ni swichi yenye akili: huzungumza na gari, hukagua usalama, kisha hufungulia umeme. Katika vituo vya barabarani vya kuchaji kwa kasi mambo hugeuka: chaja ni lile kabati kubwa la kituoni, na mkondo mnyoofu huingia katika betri bila kupitia chaja ya gari.

Tofauti hii ndiyo msingi wa uchunguzi mzima. Gari likikataa nyumbani na kukubali kwenye kituo cha kasi, betri kubwa ina afya, na shaka iangukie chaja ya ndani au vifaa vya nyumbani. Likikubali nyumbani na kukataa kituoni, chaja ya ndani haihusiki. Mwenye gari anayeambiwa "chaja imekufa", na ambaye neno hilo kwake ni sanduku la ukutani, atanunua sanduku jipya kwa bei kubwa, alifunge, na gari liendelee kukataa kama jana.

Tunapendekeza majina matatu: chaja ya ndani kwa kifaa kilichomo garini, chaja ya kituoni kwa kabati la mkondo mnyoofu, na kisanduku cha ukutani kwa kile cha nyumbani. Kebo ya kubebeka yenye kidude katikati, ambayo huja pamoja na magari mengi, iitwe kebo yenye kidhibiti. Hakuna hata kimoja kati ya hivi viwili vya mwisho kinachostahili kuitwa chaja.

Kosa, hitilafu, kasoro na ubovu

Kiswahili kina maneno manne ya karibu, na wafasiri huyatumia kana kwamba ni ndugu pacha. Kosa ni la mtendaji: mtu hufanya kosa, huomba radhi, huhukumiwa. Kasoro ni upungufu ambao kitu kimezaliwa nao. Ubovu ni hali ya kitu kilichoharibika. Hitilafu asili yake ni tofauti, kutopatana baina ya wawili, na maana hiyo bado i hai tunaposema kuwa majirani wana hitilafu zao.

Skrini inapoandika "kosa", msomaji hudhani ameshitakiwa. Huanza kutafuta alichokosea, huchomoa na kuchomeka mara kumi, na hatimaye huogopa kumwita fundi asije akaulizwa alifanya nini. Skrini inapoandika "hitilafu", husema jambo la kweli zaidi, na ukweli huo unafaa kuelezwa kwa kinaganaga.

Plagi inapoingizwa katika gari, umeme mkubwa hauji papo hapo. Kwanza hupita ishara katika waya mwembamba. Kisanduku huweka volti 12 katika waya huo. Gari likiunganishwa huzishusha kuwa 9, na hiyo ndiyo namna yake ya kubisha hodi. Kisanduku hujibu kwa kuipigisha ishara mara 1000 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo hulieleza gari kiasi cha umeme kilichopo: pigo likichukua asilimia 10 ya mzunguko, gari lisivute zaidi ya ampea 6, likichukua asilimia 50, mpaka ni ampea 30. Gari likiwa tayari huzishusha volti kuwa 6. Hapo ndipo kisanduku hufunga swichi yake na umeme hupita.

Tazama basi ni mara ngapi gari hukataa umeme bila kitu chochote kuharibika. Plagi haikuingia mpaka mwisho, na hodi haikusikika. Kufuli la plagi halikujifunga, na gari likakataa kuendelea. Saa ya kuchajia iliwekwa na mwenye gari wa kwanza huko Japani ili gari lichaji usiku wa manane tu, na maandishi ya skrini hayasomeki na mwenye gari wa pili. Haya yote ni hitilafu katika maana yake ya asili: wawili hawajapatana. Msomaji anapaswa kuwapatanisha kabla ya kumtuhumu yeyote kwa ubovu.

Kwa hiyo tunapendekeza hitilafu litumike pale gari na chanzo cha umeme vinaposhindwa kupatana, na pale chanzo hakijajulikana. Ubovu litumike baada ya kuthibitika kuwa kifaa fulani kimeharibika. Kasoro kwa dosari ya kiwandani. Na kosa lisiandikwe katika skrini wala kitabu isipokuwa mtu amekosea kweli.

Ardhi

Tumefika mahali pa hatari. "Kosa la ardhi" katika masikio ya mtumishi wa serikali ni shauri la mipaka ya viwanja. "Hakikisha ardhi ipo" humfanya msomaji atazame miguuni pake, na humo ataiona. Mzaha huu, hata hivyo, una kaburi nyuma yake.

Miongoni mwa nyaya za soketi ya pini tatu, mmoja haufanyi kazi yoyote siku za kawaida. Huo ni waya wa ardhi, ambao mafundi wengi huuita ethi. Huanzia katika mwili wa chuma wa kifaa na kuishia katika chuma kilichozikwa ardhini nje ya nyumba. Umeme ukivuja ukafika katika mwili wa chombo, waya huu huupeleka chini kabla haujapata njia nyingine, na njia nyingine mara nyingi ni mkono wa binadamu. Gari limesimama juu ya mipira. Umeme ukivuja katika mwili wake, na waya wa ardhi haupo, utakaa hapo ukimngoja mtu wa kwanza kuugusa mlango.

Kwa sababu hiyo kisanduku cha ukutani, na kebo nyingi zenye kidhibiti, huukagua waya wa ardhi kabla ya kuruhusu umeme, na visipouona hukataa. Kukataa huko ni ulinzi. Katika nyumba zilizofungwa umeme zamani au na watu wasio mafundi, waya wa ardhi huenda haupo kabisa, au upo katika soketi lakini haufiki popote. Nyumba kama hiyo imewasha taa na redio miaka mingi bila lalamiko, na gari la umeme ndilo la kwanza kuusema ukweli wake.

Msomaji aliyeandikiwa "kosa la ardhi" hajui kwamba amelindwa. Anachoona ni kifaa kikaidi. Mtu mwerevu wa mtaani atamwonyesha namna ya kukidanganya kifaa kwa kuunganisha nyaya zisizopaswa kuunganishwa. Taa itageuka kuwa ya kijani, umeme utapita, na mlinzi atakuwa amefumbwa macho. Tafsiri iliyomwacha msomaji bila kujua maana ya onyo imeshiriki katika kulipuuza onyo hilo. Tunaona jambo hili ni zito kuliko mengine yote tuliyoyataja, na tunawaomba wafasiri waandike hivi bila kufupisha: "Waya wa ardhi haukuonekana. Usiendelee kuchaji katika soketi hii. Mwite fundi umeme mwenye leseni aukague."

Hali iliyo karibu na hiyo, lakini tofauti, ni umeme unaovuja wakati waya wa ardhi upo. Kifaa cha kinga cha nyumbani hukata umeme uvujaji unapofika miliampea 30, kiasi kidogo sana. Hali hii iitwe uvujaji wa umeme. Ukosefu wa waya na uvujaji wa umeme visiwekwe chini ya jina moja, kwani wa kwanza ni ugonjwa wa nyumba, na wa pili huenda ukawa wa gari, wa kebo au wa unyevu ulioingia katika plagi.

Kufa na kuisha

"Kama betri imekufa gari halitachaji." Mfasiri ameufuata usemi wa lugha ya kigeni, ambamo betri hufa na kufufuka. Katika Kiswahili cha mafundi, betri iliyoisha ni ile iliyoishiwa chaji na ambayo itarudi ikitiwa umeme. Betri iliyokufa haina marejeo, hutupwa. Aidha, mfasiri hakusema ni betri ipi. Msomaji wa gari la umeme anaposoma kwamba betri imekufa huifikiria ile kubwa, ambayo ndiyo sehemu yenye thamani kubwa kuliko zote za gari lake, na hukata tamaa.

Kumbe kinachosemwa ni jambo dogo. Umeme wa betri kubwa umefungwa nyuma ya swichi kubwa za sumaku, ziitwazo rilei, na rilei hizo huhitaji betri ndogo ya volti 12 ili zijifunge. Betri ndogo ikiisha, gari haliwezi kuamka, wala kujibu ishara, wala kuufungulia mlango umeme unaongoja nje. Gari lenye betri kubwa iliyojaa nusu laweza kulala kama gogo kwa sababu ya betri ndogo iliyoishiwa. Sentensi sahihi ni hii: "Betri ndogo ya volti 12 ikiisha, gari halitapokea umeme, ichaji betri ndogo kwanza." Maneno yaliyoongezeka ni machache, na tofauti yake ni kati ya kazi ya saa moja na kuuza gari kwa bei ya chuma chakavu.

Rubani, na moja kwa moja

Waya wa rubani hautaki maelezo mengi. Mfasiri amelifuata neno la kigeni hadi uwanja wa ndege. Waya huo ni ule tuliouona ukipitisha hodi na majibu, na jina lake liwe waya wa ishara.

Mkondo wa moja kwa moja una upinzani mkubwa zaidi, kwani umepata kuandikwa hata mahali pa heshima. Lakini "moja kwa moja" kwa Waswahili ni bila kusita, au bila kupitia kwa mtu wa kati. Anayesoma "chaji kwa mkondo wa moja kwa moja" ataelewa achaji bila kuchomoa, au achomeke katika soketi ya ukutani bila kupitia kisanduku, na hilo la pili ni kinyume kabisa cha lililokusudiwa. Mkondo mnyoofu hauna mashaka hayo, na hukaa vizuri kando ya mkondo geu, kila kimoja kikilifafanua jingine.

Tusidhani kwamba uwanja huu mzima ni wa makosa. Mashirika ya umeme na wateja wao wamekwisha kutupatia maneno yanayofaulu majaribio yote mawili. Umeme wa njia moja na umeme wa njia tatu ni istilahi zinazoeleweka na fundi na mwenye nyumba. LUKU, kifupisho cha Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, kimekuwa nomino kamili, na watu hununua LUKU bila kukumbuka kuwa ni kifupisho. "Umeme mdogo" husema kwa maneno mawili kwamba volti zimeshuka chini ya kiwango, jambo ambalo ni mojawapo ya sababu za gari kukataa. Hata umeme wenyewe ulikuwa wa mawingu kabla ya kuwa wa waya. Maneno haya hayakutoka kwa mtu aliyetafsiri neno kwa neno. Yalitoka kwa watu waliokiangalia kitu.

Utatuzi wa matatizo

Linabaki kichwa cha habari. Utatuzi ni kumaliza tatizo. Kurasa za namna hii hazimalizi kitu; kazi yake ni kumwongoza msomaji kutoka dalili hadi chanzo, na kumwambia mahali pa kusimama. Tunapendekeza kutafuta chanzo cha hitilafu, na tunaiandika upya aya yetu kwa jina hilo:

"Kutafuta chanzo cha hitilafu. Gari lisipopokea umeme: (1) Hakikisha nyumba ina umeme na uniti za LUKU hazijaisha, na kwamba swichi ya kinga haijajikata. Ikijikata tena baada ya kurudishwa, acha. (2) Chomoa plagi, kagua kama ina unyevu au alama za kuungua, kisha iingize mpaka ijifunge. (3) Angalia kama gari limewekewa saa ya kuchajia au kikomo cha chaji. (4) Kisanduku kikionyesha kuwa waya wa ardhi haukuonekana, usiendelee. Mwite fundi umeme mwenye leseni. (5) Gari lisipoamka kabisa, chunguza betri ndogo ya volti 12. (6) Jaribu mahali pengine penye plagi inayolingana na gari lako. Likipokea umeme huko, hitilafu iko nyumbani. Likikataa, iko garini au katika kebo. (7) Usifungue kifuniko chochote chenye nyaya za rangi ya machungwa. Hizo ni za umeme mkubwa."

Aya hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na tunajua hoja itakayotolewa dhidi yake. Itasemwa kwamba istilahi njema ni fupi, na kwamba dhana moja ipewe jina moja. Tunaikubali kanuni hiyo, nasi tumeifuata: chaja, kosa, ardhi na kufa yalikuwa majina ya dhana mbili au tatu kila moja, na tumezitenganisha. Ufupi unaopatikana kwa kuzibana dhana mbili katika neno moja hulipwa na msomaji.

Kwa hatua ya sita tumesema "plagi inayolingana". Magari ya Japani ya aina tuliyoitaja hutumia plagi ya pini 5 kwa mkondo geu, ilhali plagi iliyoenea Ulaya ni ya pini 7. Kutoingia kwa moja katika tundu la nyingine ni kutolingana, na neno hilo linatosha.

Mapendekezo

Kwa ufupi, tunapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe: kupokea umeme, kwa gari au betri inayoruhusu umeme uingie, kukaa na chaji, kwa betri inayouhifadhi, chaja ya ndani, chaja ya kituoni na kisanduku cha ukutani, kwa vifaa vitatu tulivyoeleza, kebo yenye kidhibiti, kwa kebo ya kubebeka, waya wa ishara, kwa waya wa hodi na majibu, waya wa ardhi na uvujaji wa umeme, kila kimoja kwa maana yake, hitilafu, ubovu, kasoro na kosa, kwa mipaka tuliyoiweka, kuisha na kufa kwa betri, visichanganywe, mkondo geu na mkondo mnyoofu, kikomo cha chaji na saa ya kuchajia, na kutafuta chanzo cha hitilafu.

Tunawaomba walimu wa vyuo vya ufundi wayajaribu maneno haya karakanani mbele ya wanafunzi, na wafasiri wayajaribu katika kazi zao, kisha watuletee habari. Tungependa zaidi kusikia kutoka kwa fundi aliyeambiwa "betri ndogo imeisha" na akafungua mahali panapostahili kufunguliwa. Pale ambapo neno tulilolipendekeza litakwama mdomoni mwake, na lake likawa wazi zaidi, lake lishike nafasi.